Pini Mdomoni

Fundi cherehani huyu hushika pini kwa meno, ingawa kimto cha kuzichomeka amekifunga mkononi. Wifi yake, ambaye kila mchana huja kibandani kumkosoa mapishi, malezi na hata anavyomtunza kaka mtu, humsifu kwa watu: "Mke wa kaka ni mpole! Umseme utakavyo, hajibu." Kweli hajibu. Hukaza meno, shavu likacheza karibu na sikio, mguu ukizidi kukanyaga cherehani. Jioni hulikanda bega la kushoto, akilalamika kwamba shingo nayo inamvuta. Kiti amebadilisha, dawa za kuchua amemaliza chupa kwa chupa, na bega liko vilevile.

Ni wifi huyohuyo aliyempeleka kwa daktari. Daktari alimbonyeza mbele ya sikio, pale taya linapoungana na fuvu, na fundi akagutuka, mkono ukakimbilia begani. "Ugonjwa uko hapa, kwenye kiungo cha taya," daktari akasema. "Ukikaza meno, maumivu yanashuka shingoni mpaka begani. Huwa unakaza wakati gani?" Macho ya fundi yalimgeukia wifi, taratibu.

Kesho yake wifi alipoingia, fundi alizitoa pini mdomoni, akazichomeka kwenye kimto moja baada ya nyingine, kisha akamsogezea kiti.

"Daktari amenikataza pini," alisema. "Haya wifi, ulikuwa unasemaje kuhusu mapishi yangu?"