Aliyepita kwa Baharini

Wenzake wa chumba cha kufulia walimwita Mama Povu, na si kwa sababu ya sabuni tu. Ukimgusa pabaya, anaumuka. Alifua mashuka ya hospitali kuu, nyuma ya jengo la forodha, na kila asubuhi kabla ya kazi alishuka ngazi za mawe chini ya mnara wa taa, akaogelea. Alifundishwa na baba yake, mzamiaji wa bandarini aliyekuwa akikwangua makombe yaliyoganda kwenye matumbo ya meli. Goti lilipoanza kumsumbua, maji yale ndiyo yakawa dawa. Nchi kavu alichechemea. Akiingia baharini, samaki mtupu.

Kisha ikajengwa hoteli kando ya mnara. Asubuhi moja akakuta geti la chuma juu ya ngazi, na mlinzi mbele yake.

"Shikamoo, mama. Huku hakupitiki tena. Ni kwa wageni wa hoteli."

"Marahaba. Ngazi hizi zimekuwepo hata bibi yako hajazaliwa. Nani kaziuza?"

"Mimi nimewekwa tu, mama. Nikikufungulia, kibarua kinaota nyasi."

Hakumgombeza, aliyetumwa hauawi. Alirudi nyumbani mkavu, na roho imemjaa.

"Yaishe, mama," binti yake alimwambia, akiwa ameinamia cherehani. "Mwenye nguvu mpishe."

"Mpishe wewe, huko barabarani. Baharini sote tunaelea."

Kesho yake akaenda soko la samaki, upande wa pili wa ukuta wa mawimbi. Akafunga gauni kiunoni, akajitosa katikati ya mashua. Wachuuzi wakaangua kicheko.

"Bibi, unahamia wapi?"

"Kwangu!"

Akaufuata ukuta pole pole, mkono baada ya mkono, mpaka akaibukia kwenye ngazi zake, akaketi kuota jua. Huko juu wageni waliokuwa wakinywa chai waliacha vikombe hewani. Meneja akashuka mbio, viatu vinang'aa.

"Umepitia wapi wewe?"

"Kwa baharini. Na huko mmeweka geti?"

"Naita polisi!"

"Waite. Ila waje na nguo za kuogelea, maana natokea nilikoingilia." Akajirusha majini.

Na polisi walikuja kweli, siku iliyofuata. Walimkuta anaelea chali hatua chache kutoka kwenye ngazi, mikono kaitandaza kama yuko kitandani. Mkubwa wao akavua kofia, akajikuna kichwa.

"Mzee," akamwambia meneja, "mlinunua na maji pia?"

Kisha akairudisha kofia kichwani. Wakaondoka.

Lakini usidhani ilikuwa raha tupu. Wimbi la meli iliyokuwa inageuka lilimbamiza ukutani, bega likavimba, akashindwa hata kukamua taulo. Binti yake alilia kwa hasira huku akimkanda.

"Kwa ngazi za mawe tu, mama? Unataka nikuzike?"

"Nikikaa, watajua wakifunga tunakaa. Kesho watafunga soko. Utashonea nani?"

Bega lilipopoa, binti alitangulia mlangoni, gauni kuukuu mkononi. "Nifundishe," alisema. "Ukizama, angalau niwepo wa kukuvuta."

Alimeza chumvi ya kutosha kabla ya kujua kuelea. Wakamfuata wafuaji wawili, kisha muuza samaki mmoja mnene aliyekuwa akiogopa hata ndoo. Ikawa kila asubuhi safu ya vichwa inapita kando ya ukuta, na abiria wa kivuko wanapunga mikono.

Mwishowe meneja akamtuma mlinzi: geti litafunguliwa kwa ajili ya mama peke yake, mapema, kabla wageni hawajaamka, ila aje kimya kimya.

Mama Povu alikuwa amekaa kwenye ngazi, anakamua pindo la gauni.

"Mwambie nashukuru. Siku akiling'oa, tutapita wote, saa tunayotaka. Mlango wa kuonewa huruma siupiti."

"Nitamwambia hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo, mwanangu. Usipunguze chumvi."

Geti halijang'olewa mpaka leo. Yeye amestaafu, na goti limezidi, hata kushuka pale sokoni hushikwa mkono na wachuuzi. Akishalowa kifua huwasukuma waachie, na anayechelewa kuachia hurushiwa maji ya uso.