Choroko za Bibi

Harufu ya choroko zikichemka na magadi hunirudisha ghafla kwa bibi, hata niwe katikati ya maneno. Mume wangu kashazoea, haniulizi tena.

Nyumbani kwetu Segese, bibi mzaa baba hakuwa na chakula kingine cha maana. Asubuhi michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga, mchana ugali kwa choroko, na jioni hivyo hivyo. Gesi ikimjaa aliiachia bila haya, kisha akatukodolea macho mimi na pacha wangu Kulwa, kana kwamba wenye kosa ni sisi. Tulicheka mpaka mama akatufukuza jikoni.

Mwaka mmoja tumbo la bibi likajaa, lisishuke. Mama akasema ni choroko tu, hazikulowekwa vizuri. Akawa anaziloweka usiku kucha, anamwaga maji ya kwanza, anamwaga na ya pili. Wapi! Basi akazipiga marufuku, na michembe, na kabichi, bibi akabaki na uji mwepesi. Bibi wa watu akawa anausogeza kando.

"Mama Kulwa, mnaninyima chakula changu," alisema siku moja, taratibu.

Mama akamjibu kwamba mgonjwa haulizwi uji.

Mikono ikakonda, mashavu yakaingia ndani, tumbo peke yake likazidi. Ndipo baba na mama wakampeleka hospitali Kahama. Waliporudi, mama hakutusimulia chochote. Hata khanga ya safari hakuvua. Alichota choroko kwenye gunia, akazipika, akaziunga kwa karanga, akamwekea bibi bakuli pomoni.

"Kula, mama," akamwambia. "Kula unavyotaka."

Bibi akala, polepole, akifumba macho. Sisi tukarukaruka uani, bibi kapona, bibi kapona! Kulwa akakimbia kuwapasha majirani habari. Bibi hakumaliza msimu ule wa mvua.

Nilikuwa mtu mzima baba aliponieleza alichosema daktari: si gesi, ni uvimbe, na umeshasambaa, mrudisheni nyumbani, mpeni anachopenda. Iliniuma sana. Choroko hazikuwa na kosa lolote, na bibi alirudishiwa chakula chake pale tu tulipokuwa hatuna tena cha kumwokolea. Mama aliyajua yote hayo siku ile tukishangilia, na akatuacha tushangilie.