Duka Lililofungwa kwa Ajili ya Kondoo

Tangu biashara iwe huria, mabwana mifugo kadhaa wamefungua maduka ya dawa za mifugo. Juzi nilikuwa kwenye duka la mmoja wao hapa Moshi mjini, alipoingia mama kutoka Old Moshi akihema.

"Baba, nipe sindano kali. Kondoo wangu amevimba tumbo, anasaga meno!"

Yule bwana mifugo alishika chupa, akairudisha rafuni.

"Pole, mama. Amekula nini?"

"Amekata kamba asubuhi, akamaliza majani mabichi ya maharage."

"Basi hiyo ni gesi, sindano haitamsaidia. Twende."

Akatuomba radhi wateja, akafunga duka mchana kweupe, akampakia mama kwenye pikipiki.

Jumapili nikamkuta yule mama nje ya kanisa, nikamwamkia na kumuuliza habari za kondoo.

"Amepona! Yule bwana mifugo alimnywesha mafuta ya kupikia polepole, akamkanda ubavu mpaka gesi ikatoka. Akanifundisha na mimi."

"Na sindano?"

"Alikataa katakata kuniuzia."

Wauzaji wa kunisukumia bidhaa nimewazoea. Huyu aliyekataa kuuza ndiye ninayewaelekeza kwake majirani zangu wafugaji, na nawaambia wakikuta amefunga, wamsubiri.