Sauti Nyuma ya Mwanangu

Mwanangu alikuwa amepita mwaka mmoja na nusu, na alikuwa hajasema hata "mama". Mama mkwe, tuliyekuwa tukiishi naye Nangara, hakuona shida. "Baba yake naye alichelewa," aliniambia huku akipukuchua mahindi. "Mwache mtoto."

Nilijaribu kumwacha. Kisha asubuhi moja mfuniko wa sufuria ulinidondoka jikoni, nyuma yake kabisa. Kuku waliruka hadi nje. Mwanangu aliendelea kupanga magunzi yake, hakushtuka wala kugeuka. Niliuokota ule mfuniko, nikaudondosha tena kwa makusudi. Hakugeuka.

Hospitalini tulipokewa na mtaalamu wa watoto, mama wa makamo. Alitandika mkeka, akamwekea mwanangu vibao na mpira. Mtoto akavipandanisha vibao. Mpira ulipofichwa chini ya kitambaa, akaufunua. Kila alichoweza kilinifanya nishushe pumzi, halafu hofu ikarudi, maana nilijua kinachofuata.

Mtaalamu aliniashiria ninyamaze, akapita nyuma ya mtoto na kutikisa njuga. Akapiga makofi. Mwanangu alikuwa akinitazama mimi tu, anatabasamu, nami namwomba Mungu mtoto ageuke.

"Nyumbani ukimwita anakuja?"

"Anakuja akiniona."

Nililisikia jibu langu mwenyewe.

"Mama, kutembea kwake na kucheza kwake kunaenda vizuri," alisema. "Sioni kwamba akili imechelewa. Ninachohofia ni kwamba hasikii. Nawapa rufaa akapimwe masikio."

"Atakuja kuongea?"

"Bado sijui. Nikikuahidi nitakuwa nakudanganya."

Jioni nilimweleza mama mkwe. Hakubisha. Alikwenda kuchuchumaa nyuma ya mjukuu wake, akamwita kwa ile sauti yake ya kuitia ng'ombe, kwa lugha ya kwao. Akaita tena. Kisha akakaa chini palepale, akajifunika uso kwa kitenge.

Vipimo vya rufaa vilithibitisha. Sasa mwanangu anavaa vifaa vya kusikia, na nyumbani sote tunajifunza lugha ya alama. Maneno yanakuja polepole. "Bibi" analitamka vizuri kuliko "mama". Lakini hofu haijaniondoka. Tukitembea barabarani na bodaboda ikaja kwa nyuma, namshika mkono kwa nguvu mpaka analalamika.