Ndege Mmoja Yuko Nje

Mlio ulitangulia. Ulitokea nyuma ya milima ya Udzungwa, kwanza kama lori linalopanda mlima, kisha kama bati linalochanwa. Mimi na dada tulikuwa shambani Idete tangu alfajiri, tukiamia mpunga usiliwe na ndege, tukipiga madebe na kupayuka mpaka sauti zikatukauka, na kwelea wakitudharau. Sasa wote waliruka kwa pamoja. Mbingu ilipasuka, na ndege wengine wawili, wa chuma, wakapita chini chini juu ya bonde, mabawa yakimetameta.

Baba alitupa jembe. “Wale! Wa kikosi chetu wale!” Alikimbia juu ya tuta, akaanguka matopeni, akainuka anacheka.

Alikuwa fundi mstaafu wa kikosi cha ndege za mashambulizi. Watu wote husema ndege imeruka, imetua. Yeye alisema ameruka, ametua. Alitusimulia jinsi ndege wale walivyofika vipande vipande ndani ya makasha, vijana wakawaunganisha, na siku ndege wa kwanza aliporuka, mpishi akabaki anatazama juu mpaka ugali wa kambi nzima ukaungua. Halafu vita vya Kagera. Halafu mlango.

Kikosi kilikuwa na mwiko: mlango wa banda haufungwi ndege mmoja akiwa bado nje. Jioni moja mmoja hakurudi. Walingoja, mvua ikaingia ikawalowesha waliobaki, mkuu akaamuru, baba akafunga. Kesho yake mlango ukagongwa. Rubani alikuwa ametua kiwanja cha mbali, redio imekufa, akarudi kwa lori la ndizi.

“Nani kanifungia nje?” aliuliza, mkungu begani.

Sisi tulicheka kila mara. Baba alitabasamu tu. Tangu hapo hakuwahi kufunga mlango nyuma ya msafiri. Nyumba yetu ya mtaa wa Viwanja Sitini ilikaa wazi, kuku wa jirani wakiingia na kutoka, mpaka habari ije kwamba mtu amefika salama.

Mwaka uliofuata dada akapata nafasi jeshini, kujifunza ufundi wa ndege. Baba akagoma.

“Wewe hata pancha ya baiskeli huwezi kuziba.”

“Ya kwako juzi nani aliiziba?”

“Jeshi si kuamia kwelea, mwanangu.”

“Baba, miaka yote unatuwashia moto, leo unamwaga maji?”

 Baba akasema polepole, “Wao waliruka. Aliyebaki mlangoni akingoja ni mimi.”

“Na yule wa ndizi?”

“Alirudi.”

“Basi.”

Mama akaangua kicheko jikoni. “Mzee, umenaswa!”

Baba akaenda kumtafutia dada begi lake la zamani la kijeshi. Mimi nilirukaruka uani kama ninayeondoka ni mimi.

Asubuhi ya treni, dada alimpigia baba saluti.

“Na shikamoo yangu iko wapi?”

Akapewa na hiyo. Kisha baba akausukuma mlango mpaka ukutani, akauwekea tofali lake la siku zote. Dada akatoka, begi mgongoni, akageuka, akalisukuma lile tofali kwa mguu.

“Ndege wako akirudi atabisha,” alisema. “Tena na mkungu begani.”

Baba aliinua mkono kuuzuia mlango, akaushusha. Dada akauvuta kutoka nje, ukafungwa.