Inchi Nane za Pindo

Mtaani walimwita Mama Futi, naye aliitika bila kununa. Alikuwa fundi wa mapazia, na ile futikamba ya njano ilikaa shingoni mwake tangu asubuhi hadi anapoingia kuoga. Mumewe alipenda kusema kwamba hata siku ya kuposa alihisi anapimwa mabega.

"Nilikupima kweli," Mama Futi alimjibu. "Nikaona unatosha."

Leseni yake ya udereva ilikuwa na miezi minane. Kigari chake cha kijivu kilikuwa kikuukuu, ila ndicho kilichobeba majora ya vitambaa, fimbo za mapazia na ngazi. Jumanne hiyo, saa nne asubuhi, alikuwa amesimama njia panda nyuma ya pikapu iliyojaa magunia ya chakula cha kuku. Pikapu ikauvuka ule mstari mweupe wa kusimamia, ikakuta lori linakata kona, ikaanza kurudi nyuma. Mama Futi alipiga honi mara mbili. Ya tatu ilizimwa na kishindo.

Boneti ikakunjika. Maji ya rejeta yakamwagika chini yakifuka moshi.

Dereva wa pikapu alishuka mdomo ukiwa umetangulia. "Dada, unaangalia wapi? Umenigonga!"

"Kaka, nimesimama nitakugongaje?"

"Nyinyi mkishika usukani huku mnaongea na simu, ndiyo haya."

"Simu ipo kwenye mkoba, mkoba upo chini ya majora kiti cha nyuma. Nenda kaitoe, ukiweza."

Watu walishajaa. Mmoja akashauri wayamalize palepale, maana polisi ni kupoteza siku. Dereva wa pikapu akaona hilo ni neno jema, akaliondoa gari lake akaliegesha pembeni, eti asizibe njia.

Mama Futi hakuliondoa lake. Bima yake ilikuwa ile ndogo, inayolipa wengine tu. Akiandikwa mkosaji, kigari kitalala gereji hadi mwaka ugeuke, na wiki ijayo alikuwa amewaahidi hospitali kutundika mapazia ya wodi ya wazazi. Ilikuwa kazi yake kubwa ya kwanza. Tena wodi yenyewe aliijua: mwaka jana alijifungulia humo, akamnyonyesha mwanawe huku muuguzi amewashikia shuka dirishani, maana wapita njia walikuwa wakichungulia. Kazi hiyo hakuwa tayari kuona inakwenda kwa mwingine.

Akatoa chaki yake ya kuchoria nguo, akazungushia matairi yote manne, akaweka alama chini ya bampa. Kisha akapiga magoti akapima kutoka kwenye alama hadi kwenye mstari mweupe, akaandika kwenye daftari.

"Jamani, anaishonea barabara pazia!" mtu akapaza sauti. Watu wakaangua kicheko.

"Ndiyo, na wewe ndiye utakayenishikia ngazi," alijibu bila kuinua kichwa.

Askari wa trafiki alipofika, alizitazama zile chaki kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama mtu yeyote. Akapima kwa tepu yake mwenyewe, akaandika, akawachukua wote wawili kituoni, pamoja na pikapu. Huko kila mmoja akatoa maelezo yake.

"Wewe ulikuwa wapi ulipogongwa?" askari alimuuliza dereva wa pikapu.

"Mstarini, afande. Pua ya gari kwenye mstari kabisa, nimetulia, huyu akanijia kwa nyuma."

"Afande," Mama Futi akasema taratibu, "naomba iandikwe hivyo hivyo alivyosema. Halafu naomba pikapu ipimwe urefu."

Ikapimwa. Futi kumi na saba.

"Sasa, afande, kama pua ilikuwa mstarini, mkia ulikuwa futi kumi na saba nyuma. Bampa langu lilikuwa futi chache tu kutoka mstarini. Basi kwa maneno yake, mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake."

Askari alijikohoza ili asicheke. Taarifa ikaandikwa kwamba pikapu ndiyo iliyorudi nyuma.

Ilibaki bima ya pikapu, ndiyo iliyotakiwa kulipia. Ijumaa wakaitwa wote wawili. Mkaguzi wa bima alikuwa kijana mpole mwenye miwani, anayesoma kila mstari kwa ncha ya kalamu. Kalamu ikatembea, ikasimama.

"Mama, polisi wameandika futi sita. Fomu yako ya madai inasema futi sita na inchi nane. Siwezi kupitisha karatasi mbili zinazogombana. Itabidi faili lirudi polisi lichunguzwe upya."

"Si nilisema!" dereva wa pikapu akarukia. "Anatunga huyu!"

Faili kurudi ni wiki tatu, nne. Mama Futi akafungua daftari lake. Kweli: sita na nane, kwa mkono wake mwenyewe. Akalikodolea macho, mara akajipiga paji la uso.

"Jamani, nimeipimia barabara pindo!"

"Pindo?"

"Pazia halikatwi kwa kipimo kitupu, mwanangu. Inchi nne za juu za kupitishia fimbo, nne za chini za kukunja. Miaka tisa sasa, jicho likisoma sita, mkono unaandika sita na nane. Tazama kurasa zote hizo."

Mkaguzi akafunua moja baada ya nyingine. Karani wa meza ya pili alishaziba mdomo kwa kiganja.

"Huo ndio uongo wenyewe," dereva wa pikapu akasema.

"Kaka yangu, uongo humfaa mwongo. Hizo inchi nane zinanivuta mbali na mstari, zinakusogezea nafasi wewe. Ningetaka kudanganya ningepunguza, ningeongeza za nini?"

Mkaguzi akachora mstari, akachora magari mawili, akahesabu kwa sita, akahesabu tena kwa sita na nane. Pikapu haikuenea popote. Akamgeukia dereva.

"Ulirudi nyuma, hukurudi?"

Jamaa alitazama viatu vyake. "Nilirudi kidogo."

"Mama, kata hiyo namba, andika sita, weka sahihi yako pembeni."

Akaandika sita tupu. Mkono ulitaka kuendelea. Akaunyanyua kwa nguvu. Mkaguzi akagonga muhuri kwenye barua ya gereji kutengeneza rejeta na boneti, akamkabidhi.

Mlangoni dereva wa pikapu alimpisha apite kwanza. "Nisamehe, dada. Niliogopa tajiri wangu."

"Nimekusamehe. Ila ukirudi nyuma, tazama kioo."

Barabarani alimpigia mumewe. Nyuma ya sauti yake mtoto alikuwa akipigapiga sufuria.

"Wamepitisha?"

"Wamepitisha. Gari linatoka Jumatatu mchana. Jumanne natundika."

"Nikutafutie mtu wa kukushikia ngazi?"

"Njoo wewe," alisema. "Na mtoto tutamwacha kwa bibi yake."