Mikono Mirefu Siku ya Posa

Nakumbuka siku ile mama aliponikuta nimelala mchana kweupe, nimejifunika shuka gubigubi, na siumwi popote. Mwanangu, nilikuwa naufanyia mazoezi ugonjwa. Jumamosi yake Claudine, jirani yetu pale Gatsata, alikuwa anaposwa katika ukumbi mmoja huko Remera, na alinichagua niwe miongoni mwa wasichana wa kumsindikiza mbele ya wageni.

Wasichana wa siku hiyo huvaa umushanana, sketi ndefu na kitambaa chepesi kinachofungwa begani. Unalijua vazi hilo lilivyo zuri. Lakini blauzi walizochagua hazikuwa na mikono, nami tangu nivunje ungo nilikuwa najistiri. Kuvaa vile sikuweza, na kumwambia Claudine niliogopa. Tulikua pamoja, tukila sahani moja, yeye akienda kanisani na mimi madrasa. Nikaona afadhali niumwe.

Mama alikuwa fundi cherehani, mjukuu wa wafanyabiashara wa pwani waliolowea huku, na ulimi wake ulikuwa mkali, Mungu amrehemu.

"Unataka kumdanganya rafiki yako kwa ajili ya nguo?" akaniuliza. "Vazi la stara likikufundisha uongo, basi halijakustiri. Inuka, uende kwake."

Nikaenda kwa miguu mizito. Claudine alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka huku machozi yanamlenga.

"Sha, rafiki yangu, kumbe ni mikono tu? Mimi niliona unanikimbia. Mama yako ashone tu, bora rangi iwe moja."

Mama akashona blauzi ya mikono mirefu, na kilemba cha kitambaa hichohicho. Siku ya posa nikatoka na wenzangu tumepangana mstari mmoja. Mzee mmoja wa upande wa muoaji, mtu wa mizaha, akaniangalia, akauliza mbele ya watu wote, "Na huyu ya kilemba, iko mtoto ya nani?"

Nikajua sasa nimemharibia Claudine siku yake. Ndipo baba yake, mtu wa kanisa asiyekosa Jumapili hata moja, akasimama.

"Iko mtoto yetu," akasema. "Ndivyo anavaa."

Akakaa. Mazungumzo ya posa yakaendelea kama kawaida. Kiburi sikipendi, mwanangu, lakini siku ile nilijivuna, na mpaka leo nikikumbuka najivuna.

Basi nisikilize. Stara ni ibada, ni jambo lako na Mola wako kabla halijawa la macho ya watu. Hukupewa uifanye ukuta. Jistiri ili utoke: uende masomoni, kazini, kwenye umuganda wa kusafisha mtaa, kwenye sherehe za jirani, na watu wasikie unachosema. Asiyevaa kama wewe usimpime, maana Claudine hakunipima. Akikuuliza, mwambie kweli kwa upole. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi ilibaki kidogo tu inifikishe mahali pa kumpoteza rafiki. Tena uzuri si sura wala kitambaa, uzuri ni tabia.

Mungu akustiri duniani na akhera, mwanangu. Na popote utakaposimama na kilemba chako, akupe mtu wa kusimama na kusema: huyu ni mtoto wetu.